Usukani Niliolegeza Bila Kusema

Jumapili, mwezi wa saba. Baridi ya leo ni ile ya kuvaa soksi mbili. Ukungu umekalia vilima vya Iveti tangu asubuhi, na mimi kanisani sikwenda.

Wacha niandike tu, maana nikiendelea kulibeba jambo hili moyoni nitagombana na kila mtu hapa nyumbani. Tayari nimemfokea paka.

Nilimfanyia Mwalimu Kioko ubaya. Nilidhani ni wema. Nilimfanyia kimyakimya, wiki baada ya wiki, na jana ubaya wenyewe ukajitokeza mbele ya watu wote, naye akadhani kosa ni lake.

Kwa mnaosoma hapa mara ya kwanza: mimi ni Ndunge, fundi wa simu na redio mjini Machakos, kibanda changu kiko nyuma ya soko. Jumamosi asubuhi nafunga kibanda naenda kwenye mbio za magari madogo ya rimoti. Msicheke. Si vitu vya watoto. Ni magari ya mbio za lami, urefu wake kama kutoka kiwiko changu hadi ncha za vidole, yana gia, springi na mota ya umeme, na likikugonga mguuni utaimba. Tunakimbilia kwenye maegesho ya ukumbi mmoja wa harusi ambao asubuhi huwa hauna wageni. Tunatandaza mipira mikuukuu ya kumwagilia maji iwe kingo za barabara, tunapanga meza zetu ukutani, na kazi inaanza.

Mimi siendeshi. Nilijaribu mara moja nikalipeleka gari la watu kwenye nguzo. Kazi yangu ni kuyatengeneza, na hapo sitaki unyenyekevu wa uongo: mimi ni hodari. Nikilishika gari mkononi najua beringi ipi imeanza kuchoka kabla mwenyewe hajasikia. Kwa baridi ya mwezi huu, magari yao yote yanateleza kwenye kona, na ni mimi niliyewafundisha kufunga matairi kwenye leso na kuyalaza juu ya chupa ya maji ya moto dakika kumi kabla ya mbio. Sasa kila meza ina leso na chupa. Ukipita hapo utadhani tunalea watoto wachanga.

Mwalimu Kioko ndiye mkubwa wetu. Alifundisha udereva miaka thelathini na kitu. Nusu ya watu wanaoendesha magari hapa Machakos walipita mikononi mwake, na mimi nikiwemo. Amestaafu. Mtu mtulivu, kofia haimtoki kichwani, sijawahi kumsikia akipandisha sauti. Anaendesha gari dogo vile alivyotufundisha kuendesha lile kubwa: bila haraka, bila fujo, na mwisho unashangaa kuona yuko mbele yako.

Basi mwezi wa nne gari lake likaanza kuyumba.

Si kwenye kona, kwenye mstari ulionyooka. Linatoka kona ya ukumbi vizuri, halafu likifika pale pa kupiga mwendo, linaanza kwenda hivi na hivi, kama mtu aliyetoka kwenye kileo. Akaniletea. "Ndunge, gari inayumba. Hebu iangalie."

Nikaliangalia. Jameni, nililiangalia! Nikalifungua lote nikalipanga juu ya gazeti. Beringi zote nane za magurudumu, nzima. Nikalilaza juu ya kipande cha kioo cha dirisha, ndicho tunachotumia kwa sababu meza zote za mbao zinadanganya, nikaona chesisi haijapinda hata unywele. Ile mota ndogo inayogeuza magurudumu ya mbele, nikaitoa nikaweka yangu mpya. Jumamosi iliyofuata likayumba vilevile.

Nikakasirika. Mimi gari likinishinda huwa silali vizuri. Nikamwomba Mwalimu rimoti wakati wenzetu wanakunywa chai, nikaliendesha mwenyewe, mimi nisiyejua kuendesha. Likanyooka kama reli.

Hapo ndipo nilipoacha kuangalia gari nikamwangalia mwenyewe.

Rimoti zetu zimeundwa kama bastola. Mkono wa kushoto unashika na kubonyeza mwendo, mkono wa kulia unazungusha gurudumu dogo la usukani lililo ubavuni. Mkono wa kulia wa Mwalimu ulikuwa ukitetemeka. Si sana. Lakini gurudumu lile linasikia hata pumzi. Akimaliza mbio anauingiza mkono kwenye mfuko wa koti. Chai anakunywa kwa mkono wa kushoto. Niliona haya yote siku moja, na nikajua kwamba yeye pia anajua, na kwamba hataki mtu ajue.

Ningemwambia nini? Huyu ni mtu aliyeniweka nyuma ya usukani nikiwa msichana anayeogopa hata honi. Nianzie wapi kumwambia, Mwalimu, gari ni zima, ni mkono wako?

Nikafanya kile fundi anachojua. Ndani ya rimoti kuna mipangilio ya usukani. Unaweza kuulegeza pale katikati, ili mtu akigusa kidogo magurudumu yasiitikie. Nikaulegeza. Gari likatulia. Mwalimu alifurahi mpaka akavua kofia. Akaniuliza, "Ulipata ni nini?"

Nikamwambia ni beringi ya mbele.

Sikuishia hapo. Nilichukua beringi mbovu kwenye kopo langu, ya gari la mtu mwingine kabisa, nikamwonyesha. Nikaizungusha mbele ya sikio lake asikie inavyokwaruza. Akatikisa kichwa, akasema kweli mimi ni fundi. Na niseme ukweli kwa kuwa nimeshaanza: nilizipenda zile sifa. Nilitembea siku hiyo kifua mbele.

Mkono uliendelea kuzidi, nami nikaendelea kulegeza. Kila Jumamosi akiniachia rimoti nimkagulie betri, naongeza kidogo. Kulegeza katikati kulipokuwa hakutoshi, nikaenda kwenye mpangilio mwingine, ule wa kasi ya usukani, nikapunguza ili magurudumu yageuke polepole. Yeye mwenyewe mambo ya mipangilio hayagusi, anasema ile skrini inamuumiza macho. Kufikia jana usukani wa Mwalimu ulikuwa mzito kama uji wa jana. Ajabu ni kwamba alikuwa bado anamaliza wa nne, wa tano. Angekuwa mtu mwingine angekwisha kwenye kona ya kwanza.

Sasa jana.

Alikuja mapema, na alikuwa mchangamfu. Alitutania wote. Alichukua kikombe cha chai kwa mkono wa kulia, na nililiona hilo, naapa nililiona, lakini nilikuwa na gari la mtu mezani gia zimemwagika, nikalipita tu. Fundi gani huyo? Mimi ninayesikia beringi ikichoka, nikashindwa kusikia mtu akipona.

Kwenye mbio ya mwisho kabisa, Mwalimu alikuwa wa tatu. Kwetu sheria ni kwamba ukimaliza mbio yako huondoki. Unasimama kwenye kona uyainue magari ya wenzako yakipinduka. Pale kona ya mtaro alikuwa amesimama Abdi, mfanyabiashara wa mbuzi, mwendeshaji mzuri na mdomo mrefu. Gari moja likapinduka mbele yake, Abdi akaruka kuliinua, na wakati huohuo la Mwalimu likatokea likiwa na mwendo wake wote.

Nilikuwa namwangalia Mwalimu, si gari. Mkono wake ulikwenda. Ulikwenda mapema, safi, bila kutetemeka hata kidogo. Gari halikwenda. Lilingoja, likafikiria, na lilipoanza kugeuka lilikuwa limeshafika kwenye kifundo cha mguu wa Abdi.

Abdi alianguka, akakaa chini ameshika mguu, akacheka. "Mwalimu, mimi nauza mbuzi, mimi mwenyewe siyo mbuzi! Unataka kunichinja?" Watu wote wakaangua kicheko. Ilikuwa ni mchubuko tu.

Mwalimu hakucheka. Aliiweka rimoti mezani polepole, mbio bado zinaendelea, akaenda mpaka kwa Abdi, akainama akamwangalia mguu, akamwomba msamaha kwa heshima mpaka Abdi akaona aibu. Kisha akarudi akaanza kukusanya vitu vyake. Akasema, kwa sauti ileile yake ya kila siku, "Nimeona gari imepinduka. Nimegeuza. Nilidhani nimegeuza mapema, kumbe kichwa ndicho kimechelewa." Akanisukumia gari lake na rimoti. "Hii mpe mtu, Ndunge. Mimi nimemaliza."

Wote wakamzunguka, aah Mwalimu, ni ajali tu, hata mimi wiki iliyopita. Kila mtu alikuwa na la kusema.

Mimi sikusema kitu.

Nilikuwa nimesimama hapo na bisibisi mkononi. Sentensi moja tu ilihitajika. Nilijiambia kuna watu wengi. Nilijiambia nitamwaibisha. Uongo mtupu, niliogopa kuaibika mimi. Mwalimu akaondoka, mikono yote miwili mfukoni.

Leo asubuhi saa mbili na nusu simu ikalia. Ni Mama Mbithe, mke wake. Ananipigiaga simu Krismasi na simu yake ikianza kusumbua, basi. Nikajua kuna jambo. Akaniuliza jana kumetokea nini huko kwenye magari, maana mzee amekuja nyumbani hasemi, na asubuhi hii amekataa dawa.

Nikauliza, dawa gani?

Ndipo akaniambia. Kwamba mkono wake ulianza kutetemeka tangu mwaka mpya. Kwamba alikataa kwenda hospitali miezi yote hiyo, mpaka mwezi uliopita binti yao akaja akamshika mkono akampeleka. Kwamba daktari alimpa vidonge vya kila siku, na baada ya wiki mbili mkono ukaanza kutulia, na juzi alimtungia yeye Mama Mbithe uzi kwenye sindano, akamwita aje aone, wakacheka kama watoto. "Sasa leo anasema hizo dawa zimetuliza mkono lakini zimelaza akili. Ati amegonga mtu. Ati afadhali atetemeke akiwa na akili yake. Ndunge, wewe ulikuwa huko. Ni kweli akili yake imelala?"



Mwalimu alikuwa amepona mkono, halafu mimi nikamfanya aamini amepoteza kichwa. Na sasa anaacha dawa kwa ajili ya namba mbili nilizobadilisha kwenye rimoti.

Nikamwambia Mama Mbithe, hapana, akili yake ni nzima, nakuja sasa hivi. Nikachukua gari lake dogo na rimoti, nikapata boda, nikapanda nalo hadi Mua, wanakoishi, nikiwa nimelikumbatia. Yule wa boda aliniuliza mara mbili kama ni zawadi ya mtoto.

Nilimkuta uani, ameketi kwenye stuli kando ya sakafu ya saruji wanapoanikia mahindi. Akanikaribisha, akaniuliza habari za nyumbani, akamwita Mama Mbithe alete chai. Mimi nikasema sitaki chai, Mwalimu, nina jambo, na nikianza kunywa sitalisema.

Nikalisema. Lote. Niliona mkono mwezi wa nne. Gari halikuwa na kosa lolote. Beringi niliyokuonyesha haikuwa yako. Nililegeza usukani, nikalegeza tena, nikaupunguza kasi, na jana uligeuza mapema, niliuona mkono wako kwa macho yangu, gari ndilo lililochelewa kwa sababu mimi nililichelewesha. Kichwa chako ni kizima. Hayo yote niliyatoa bila kupumua, nikalia katikati yake, kitu nilichoapa kwenye boda kwamba sitafanya.

Mama Mbithe alikuwa amesimama mlangoni na birika. Nilingoja Mwalimu anifukuze. Nadhani nilitaka anifukuze.

"Tangu mwezi wa nne," akasema.

"Ndio, Mwalimu. Kuelekea mwisho wake."

"Na kila Jumamosi unaongeza."

"Ndio."

Akautazama ule mkono, akaugeuza juu na chini. Halafu akaniuliza kama nakumbuka gari la kujifunzia, lile lenye breki ya pili upande wake. Nakumbuka, nani anaweza kusahau. Akasema, "Miaka yote hiyo nilikuwa na hiyo breki chini ya mguu. Nikiikanyaga nilikuwa nasema nini?"

Nilikumbuka. Alikuwa akisema, "Nimeshika." Kila mara. Hata ukiwa unakaribia kuingia kwenye lori, sauti yake haipandi: "Nimeshika." Na akiondoa mguu: "Nimeachilia." Wengine tulikuwa tukimwigiza nyuma ya darasa.

"Unajua ni kwa nini nilikuwa nasema?" akauliza. "Nikishika bila kusema, mtoto atadhani yeye ndiye amesimamisha gari, kesho aende akaue watu. Ama adhani gari imekufa. Ama adhani ni yeye hawezi, na ashuke asirudi tena. Niliona mmoja akishuka hivyo, nikiwa bado mpya kazini. Hakurudi. Ndio nikaanza kusema."

Hakuwa na hasira. Ningependa angekuwa nayo, ingeniumiza kidogo kuliko ule upole.

Nilimwomba msamaha. Akasema, "Umesamehewa jana ile, kabla sijajua," jambo ambalo sijalielewa mpaka sasa, na sikumuuliza. Kisha akasema nirudishe mipangilio yote ilivyokuwa. Nikairudisha mbele yake, nikimsomea kila namba ninapoibadilisha. Nikaliweka gari kwenye saruji. Mama Mbithe akaweka ndoo mbili na sufuria kuukuu ziwe kona, bila kuambiwa na mtu.

Mwalimu akaendesha.

Liliyumba. Dawa alikuwa ameikosa asubuhi, na labda hata na dawa lingeyumba kidogo, mimi si daktari. Lakini alipofika kwenye ndoo aligeuza, na gari likageuka papo hapo, na nikamwona usoni. Aiya, ule uso! Akazunguka ndoo, akazunguka sufuria, akapita katikati ya miguu ya Mama Mbithe, ambaye alipiga ukelele akaruka na birika lake. Kuku wakatawanyika hadi kwa jirani. Akazunguka tena. Alikuwa anacheka, na anayumba, na hagongi kitu.

Baada ya mizunguko kama kumi akasimama. Akaniita nikae kando yake kwenye ukingo wa saruji, akaninyooshea rimoti.

"Pale penye mstari mrefu inanitesa," akasema. "Niwekee kidogo pale katikati. Kasi usiguse. Kidogo tu, Ndunge, na useme."

Nikaichukua. Nikaulegeza usukani kiasi kidogo sana, chini ya nusu ya nilichomwekea mara ya kwanza, nikamrudishia.

"Nimeshika, Mwalimu," nikasema.

"Sawa," akajibu. Halafu, bila kuondoa macho kwenye gari, akapaza sauti kuelekea jikoni: "Mama Mbithe! Hebu niletee zile dawa na maji."

Niliondoka kabla ya saa sita. Sikuona akimeza, nilimsikia Mama Mbithe akimwambia asiitafune. Jumamosi nitakwenda kwa Abdi kabla ya mbio nimwambie ni nani aliyemgonga mguu. Atanitania mpaka Desemba. Atanitania, na nitakaa nisikilize.